Mapigano ya Skyrim: kwa nini nimehamia modi ya Requiem

Skyrim, mchezo wa video wa Bethesda Game Studios uliotoka tarehe 11 Novemba 2011, ungali unachezwa kwa bidii, na kila mchezaji anayeuanza hukabiliwa na swali lilelile la kiwango gani cha ugumu achague. Nimeucheza kwa viwango mbalimbali, kisha nikaurudia tangu mwanzo nikiwa nimeuwekea modi ya Requiem, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji ili kubadilisha kanuni za mchezo. Hapa nazungumzia mapigano peke yake.

Mchezo wenyewe una viwango sita, kuanzia Novice hadi Legendary, ambacho kiliongezwa mwaka 2013. Kinachovitofautisha ni hesabu ya kuzidisha tu. Katika Adept, kiwango cha kawaida, kila pigo lina uzito wake wa kawaida. Katika Master pigo lako hupungua kwa nusu na la adui huongezeka mara 2. Katika Legendary pigo lako hubaki robo, na la adui huwa mara 3. Jambazi aliyekuwa akianguka kwa mapigo 5 sasa humalizwa kwa 20, lakini ni jambazi yuleyule, asimamaye palepale, anayekujia kwa mbio zilezile, na ambaye hajaongezewa ujanja wowote wa kukuzingira wala wa kurudi nyuma anapoelemewa. Kilichoongezeka ni muda wa kupigana.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kuzidisha huku hakuwagusi wachezaji wote kwa usawa. Anayenyata gizani na jambia, akiwa amepata stadi inayohusika, hupiga kwa nguvu mara 15, hivyo hata pigo lake likikatwa robo tatu bado anaua kwa pigo moja maadui wengi wanaomshinda mpiga panga wa ana kwa ana. Msaidizi unayeandamana naye hapunguziwi pigo, na matokeo yake katika Legendary mara nyingi yeye ndiye shujaa na wewe ni mtazamaji. Mchawi wa moto na radi naye ana shida yake: nguvu za msingi za uchawi wake hazipandi kadiri ujuzi wake unavyopanda, ilhali upanga unaweza kunolewa na mhunzi hadi ukapita kiasi. Njia aliyoachiwa ni kuvaa vifaa 4 vilivyozindikwa, yaani vilivyotiwa nguvu za uchawi, kila kimoja kikipunguza gharama ya uchawi kwa asilimia 25, ili arushe bila gharama yoyote na kumyumbisha adui mfululizo asipate nafasi ya kujibu. Hilo nalo silihesabu kuwa pambano.

Juu ya hayo kuna uhunzi, uzindikaji na uchanganyaji wa dawa, stadi tatu zinazolishana. Dawa huimarisha uzindikaji, vifaa vilivyozindikwa huimarisha dawa, na zote mbili huimarisha uhunzi, mpaka deraya ifike kikomo cha kuzuia asilimia 80 ya pigo. Ndiyo maana ugumu wa Skyrim umekaa kichwa chini miguu juu: mbwa mwitu hukuua saa ya kwanza, na joka halikutishi saa ya hamsini.

Requiem imeshika mzizi wa tatizo. Maadui hawaongezewi tena nguvu kadiri wewe unavyopanda, kama ilivyo katika mchezo wa kawaida. Kila pango lina hatari yake ya kudumu, na lisilokufaa leo litakungoja. Uhai haujirudishi wenyewe, deraya nzito humchosha asiyejifunza kuivaa, na mishale haiwafanyi kitu kikubwa wafu wanaotembea makaburini. Mapigo ni makali kwa pande zote mbili, kwa hiyo pambano huamuliwa upesi, na mara nyingi huamuliwa kabla halijaanza: umebeba upanga wa madini ya fedha wa kuwakabili wafu hao au hukubeba, unazo dawa za kutosha au huna. Nilipofika Bleak Falls Barrow, kaburi ambalo katika mchezo wa kawaida hupewa mgeni kama zoezi la kwanza, niligeuka mlangoni nikaenda kutafuta kazi nyepesi, na kurudi kwangu siku nyingi baadaye kulinipa furaha ambayo Legendary haijawahi kunipa.

Siisifu bila kasoro. Saa za mwanzo ni kali mno kwa mtu asiyeijua Skyrim, na maelezo ndani ya mchezo hayatoshi kumwonyesha kwa nini amekufa. Ukishavuka katikati, hasa ukiwa mchawi, nguvu zako hupanda kupita kiasi hapa pia, ingawa umezitolea jasho.

Kwa anayecheza mara ya kwanza, napendekeza Adept bila modi yoyote. Aliyekwisha kuumaliza aiweke Requiem, lakini aanze mchezo mpya kabisa badala ya kuendeleza aliouhifadhi, na kabla ya kuongeza modi nyingine ahakikishe kuna kiraka, yaani faili dogo la marekebisho, cha kuzioanisha, kwa sababu modi hii hubadilisha karibu kila silaha, stadi na adui.