Kashata za mapera za kuoka: uzoefu wangu kama mtu wa sukari hapa Tanga

Ukiwa na kisukari na unafanya kazi ya kukaa na wenzako, saa nne asubuhi ni saa ngumu. Hapa Ngamiani tunaposhonea, beseni la vitumbua na maandazi linapita, kila fundi ananyoosha mkono, na mimi niliyekunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo tangu saa moja naanza kuhisi mikono inalegea juu ya cherehani. Natumia vidonge vya kisukari, metformini pamoja na glibenklamidi, na hiyo ya pili hushusha sukari mtu akichelewa kula. Kwa hiyo kitu cha kutafuna katikati ya asubuhi kwangu ni sehemu ya matibabu. Kiwe kidogo, kisipandishe sukari kwa kasi, na kikae kwenye mkoba bila kuchafua kitambaa cha mteja.

Kabla ya kashata hizi nilikuwa nanunua vipande vya matunda kwenye duka moja mjini, vimeandikwa kwa herufi kubwa "bila sukari". Vitamu kwelikweli. Ukigeuza pakiti unakuta tende, asali, zabibu kavu na oti kidogo. Sukari ya mezani haimo, ni kweli, lakini tende kavu karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na sehemu kubwa ya wanga huo ni sukari. Asali nayo ni sukari, mwili hauulizi imetoka kwa nyuki au kwenye muwa. Nilipima sukari ya damu kabla ya kula nikasoma 6.6 (kwa mmol/L, kipimo cha mashine zetu), saa mbili baada ya kula ikasoma 11.9. Wagonjwa wengi tunaambiwa tubaki chini ya 10 baada ya chakula. Iliniuma, kwa sababu maneno yale yameandikwa kwa ajili ya watu kama sisi, na watu kama sisi ndio tunaoyaamini.

Sasa hizi ninazozisifu. Zinaokwa na mama mmoja mstaafu wa Chumbageni, nyumbani kwake, kwa oveni ya gesi. Mumewe ana sukari miaka mingi, ndiko alikojifunzia. Unaagiza kwa simu, anakuletea bodaboda au unafuata mwenyewe. Wateja wake wanaziita kashata, ingawa hazina sukari guru wala hazimwagwi kwenye sinia.

Kila kipande kina urefu wa kidole cha kati, kimefungwa kwenye karatasi ya kuokea, na juu yake ameandika kwa kalamu tarehe ya kuoka, vilivyomo, na mstari mmoja: "wanga g 14". Juu kuna ufuta uliokauka vizuri, unasikika ukitafuna. Ndani pana unyevu wa mapera, rangi ya waridi iliyofifia, na nusunusu za karanga. Harufu inayotangulia ni iliki na mdalasini, vile vya milimani Amani, ambavyo ukivinunua vibichi havihitajiki vingi. Utamu upo lakini ni wa chini. Aliyezoea kashata ya nazi na sukari ataona hakuna kitu mara ya kwanza, aupe ulimi wake muda kidogo.

Mstari ule wa kalamu ndio ninaoulipia hasa. Sijaona muuzaji mwingine hapa mjini anayemwandikia mgonjwa kiasi cha wanga. Nilipomuuliza anaupataje, hakuficha. "Mwanangu, hii si siri ya mtu, wagonjwa ni wengi. Chukua karatasi uandike."

Nikaandika. Trei moja inachukua oti gramu 200, zile za kupikia uji zisizo na kitu kingine ndani. Mapera yaliyoiva gramu 300, yakiwa yamechemshwa kidogo, yakapondwa na kupitishwa kwenye chujio ili mbegu zibaki. Tende ndogo tano tu kwa trei nzima, za kushikanisha na kuongeza utamu. Karanga zilizokaangwa bila chumvi gramu 100, ufuta gramu 50, mayai mawili, iliki, mdalasini na chumvi ya kubana kwa vidole. Karanga anazichambua moja moja mchana, anatupa zilizosinyaa na zenye ukungu kwa kuogopa sumukuvu, na hapo nilimheshimu zaidi. Anachanganya, anabana kwenye trei kwa mgongo wa kijiko, anaoka kwa nyuzi 180 dakika 25 hadi 30. Halafu anaacha ipoe kabisa kabla ya kukata, kwani ukikata ya moto inakuwa makombo. Vinatoka vipande 16.

Hesabu yake nimeirudia mwenyewe. Oti zinaleta wanga takriban gramu 130, mapera kama 40, tende kama 30, karanga na ufuta kwa pamoja karibu 28. Gawa kwa 16, unapata 14 na kitu. Huo ni karibu na gramu 15, kipimo ambacho wataalamu wa lishe hukitumia kuhesabu wanga.

Kwa nini mapera? Kwenye gramu 100 za pera mna sukari kama gramu 9 na nyuzinyuzi kama 5, wakati embe sukari yake hufika kama gramu 14 na nyuzinyuzi ni chache. Msimu wa embe ukifika watu humwomba za embe, naye huwatengenezea, ila anakata vipande vidogo zaidi na kubadilisha namba kwenye karatasi. Za ndizi mbivu nilionja, kwangu zilipanda haraka nikaziacha. Machungwa ya Muheza anatumia ganda lake tu, analikwangua juujuu kwa harufu. Juisi haitii, kwa sababu ukikamua chungwa nyuzinyuzi karibu zote zinabaki kwenye makapi na unachomimina ni maji yenye sukari. Mapera yakiadimika anaweka matufaha ya Lushoto, yale machachu, na hayo nayo ni mazuri.

Kwenye mashine yangu ya kupimia, kipande kimoja na chai isiyo na sukari kilinitoa 6.3 hadi 8.0 baada ya saa mbili. Miili inatofautiana, choma kidole chako mwenyewe ujue. Na ni kipande kimoja. Viwili ni wanga wa slesi mbili za mkate, na tena umeshakula chai.

Ramadhani ndipo zilinifaa kuliko wakati wowote. Daktari alinipangia upya dawa kabla sijafunga, na hilo mwenye kutumia dawa za kushusha sukari asilifanye peke yake. Nilifuturu kwa tende moja na maji, nikaswali, kisha kipande kimoja na uji wa mtama usio na sukari. Kaimati zilipita mbele yangu zikichuruzika shira, sikuzihitaji.

Jambo moja walisikie wenzangu wa dawa kama yangu. Sukari ikishuka, ukatetemeka na kutoka jasho, mashine ikasoma chini ya 4, usikimbilie kashata hizi. Mafuta ya karanga na nyuzinyuzi vinaichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Hapo unataka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Mimi natembea na vyote viwili, sukari kwa dharura na kashata kwa saa nne.

Kasoro zipo. Bei ni shilingi 1,000 kwa kipande, mtu wa kipato cha cherehani anaisikia, ingawa ukichukua trei nzima anakupunguzia. Kwa joto letu la pwani na unyevu huu hazivuki siku tatu nje ya friji. Bodaboda akizipitisha kwenye jua la saa saba zinafika zimeshikana, bora kuagiza za jioni. Na asiyepatana na karanga hana chake hapa, nimemwambia mama afikirie mbegu za maboga.

Mwenye oveni aoke mwenyewe kwa vipimo hivyo, ila apime kwa mizani, kikombe kinadanganya. Mimi sina oveni wala muda, naendelea kununua. Trei ya wiki ijayo nimeomba nusu yake atie unga wa ubuyu mtupu, usio na sukari wala rangi, na amekubali kwa sharti kwamba nimpelekee namba za mashine yangu kabla hajamuuzia mtu mwingine.