Taa za kutuliza ngozi nyeti ya uso: ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishafunguka na hela ikaanza kuonekana, matangazo ya barakoa za taa, zinazovaliwa usoni zikimulika ngozi, nayo yanajaa kwenye simu. Unalipa, mzigo unapakiwa kwenye basi Kariakoo, unaupokea stendi. Kuurudisha ukiwa mbovu ndiyo kasheshe. Nimezipanga taa hizi nikifikiria ngozi nyeusi inayowasha, kuchoma au kutoa vipele kwa kitu kidogo tu.

Kilichoamua mpangilio wote ni rangi ya mwanga. Mwekundu wa karibu nanomita 630 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na infraredi ya karibu 830 ambayo macho hayaioni, huingia ndani ya ngozi bila kuiunguza na husaidia kupunguza uvimbe. Wa bluu, karibu 415, huua bakteria wa chunusi. Hilo ni kweli. Ila kwenye ngozi nyeusi mwanga wa bluu unaweza kuamsha rangi ya ngozi ukaacha weusi unaochukua miezi kufifia.

Kwa hiyo namba moja ni barakoa laini ya silikoni yenye mwekundu na infraredi, au inayokuruhusu kuzima bluu kabisa. Inalala karibu na uso, mwanga haupotei njiani, na kwa kuwa inatumia chaji, umeme ukikatika unaendelea. Sanduku lake litaje nanomita kwa tarakimu. Maneno kama "mwanga wa ajabu" hayatoshi. Iwe na kinga ya macho. Isipate moto, maana joto lenyewe huchochea madoa, na joto la pwani yetu mwezi wa Januari unalijua. Infraredi utaipima kwa kamera ya mbele ya simu: washa taa hiyo peke yake, na mara nyingi kamera itaonyesha mng'ao wa zambarau au mweupe ambao macho yako hayauoni. Tumia kama dakika 10, mara 3 hadi 5 kwa wiki, kwa kufuata maelezo yake, na usiihukumu kabla ya wiki 8.

Namba mbili ni paneli ya kusimamisha mezani. Nyumba yenye watu wawili watatu wanaoihitaji, mimi ningeinunua hii kwanza, kwa sababu haigusi uso wa mtu na haihamishi jasho. Ubaya wake, ukisogea nyuma nguvu inashuka haraka, na bila umeme haiwaki. Hakikisha inakubali volti 230. Iliyoandikwa 110 peke yake itaungua.

Kifaa cha kushika mkononi ni cha tatu. Kinafaa sehemu ndogo, labda kidevu au shavu moja. Uso mzima utakuchosha na utaacha.

Barakoa ngumu ya plastiki yenye rangi saba ndiyo inayouzwa sana, na naiweka ya nne. Nyingi hazitaji nanomita, na kijani na njano zake hazina ushahidi wa maana. Kama tayari unayo, baki kwenye nyekundu.

Usinunue kabisa mashine ya IPL ya kuondoa nywele kwa kazi hii. Mwanga wake hulenga rangi nyeusi, na kwako rangi hiyo ndiyo ngozi yenyewe, inaweza kukuunguza. Taa ya kukaushia kucha nayo hutoa mionzi ya UV, usiielekeze usoni.

Mwaka 2019 Neutrogena iliondoa sokoni barakoa yake ya chunusi kwa hofu ya madhara ya macho kwa baadhi ya watumiaji. Mwenye ugonjwa wa macho, kifafa, lupasi au ualbino, na anayetumia dawa za doksisaiklini au isotretinoini, aanze kwa daktari.

Hata namba moja haitashinda kinachokuchoma kila siku. Huku kwetu mashamba hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na vumbi lake huwasha macho na ngozi. Mafuta ya ganda la korosho huunguza. Mkono uliobangua ukigusa shavu, umelijeruhi. Nawa kwanza. Mkorogo ndio mbaya zaidi: zebaki, haidrokwinoni na steroidi huharibu ngozi ya uso, na steroidi ukiiacha ghafla uso huwaka moto. Anayepaka mkorogo, mashine isubiri. Aende hospitali ya Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda au Nyangao, abebe na kopo la krimu alilokuwa anapaka ili daktari alione.

Ukishachagua, mwombe muuzaji akurekodie video taa ikiwaka na lebo ya nyuma ikisomeka, kabla mzigo haujapanda basi. Akisita, tafuta mwingine.