Risasi zilizopakiwa kwa mkono ndani ya boksi la kiwanda: uzoefu wangu na duka moja la silaha Dar

Mtu akiniambia tena "risasi ni risasi, mzee, zote zinaua", naondoka pale pale. Nimeambiwa hivyo juzijuzi na kijana wa dukani, duka la silaha hapa hapa Dar, katikati ya jiji, na mpaka sasa damu inanichemka. Jina la duka sitalitaja. Nataka tu wenzangu wenye bunduki kubwa wajue kilichotokea, maana hapa hatuzungumzii hela, tunazungumzia uhai wa mtu.

Nilifuata risasi za 375, yaani za bunduki ya kipenyo cha inchi .375. Kwa mbogo hiyo ndiyo bunduki ya kuanzia, wanaowinda wanajua. Risasi yenyewe ni ya zamani, Waingereza wa Holland & Holland waliitoa mwaka 1912, na kwa kazi za porini kwetu bado inaheshimika. Bunduki yangu haijawahi kunipa shida. Shida ni kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka kumgonga mnyama. Ukipewa kichwa chepesi cha ncha laini, kikigonga mfupa wa bega kinasambaratika hapo hapo juu, mbogo anaingia kichakani akiwa na jeraha la nyama tu, na wewe ndiye unayetakiwa kumfuata humo ndani. Ukipewa solidi, kichwa kigumu kisichofunguka kabisa, na mbogo wako amesimama kwenye kundi, inaweza kumtoboa ikatokea upande wa pili ikamjeruhi aliye nyuma yake, ambaye hukumlenga wala huna kibali chake. Kwa hiyo watu wa kazi hii wanatafuta kichwa kigumu, kinachofunguka kiasi halafu kinaendelea kuzama kikiwa kizima.

Vichwa hivyo nilivijua kwa mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini niliyemsindikiza miaka ya nyuma kule Selous. Yule bwana alikuwa anapakia risasi zake mwenyewe nyumbani kwake, moja moja. Kila boksi lilikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: baruti gani, kiasi gani, fataki gani (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), kichwa gani, na ganda limeshatumika mara ngapi. Alikuwa anatumia Swift A-Frame, kile kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Madini laini ya risasi yaliyo mbele ya ukuta yanafunguka, ya nyuma yanabaki yalivyo. Wazo la ukuta lilitangulia kwa Mmarekani John Nosler. Mwaka 1946 alikuwa Kanada akiwinda moose, mnyama mkubwa wa kule, mwili wake umegandamana tope, na risasi zikawa zinapasukia juu juu bila kuingia. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chake, na kufikia mwaka 1948 alikuwa anakiuza. Kampuni ya Swift wao wakaongeza jambo moja: madini ya mbele wameyashikamanisha na gamba lake ili yasiachane yakigonga mfupa.

Tulipomchuna mbogo wa yule mgeni, kichwa tulikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili. Nilikiosha kwa maji ya chupa nikakiweka kiganjani. Mbele kimefunguka kama uyoga, nyuma kimebaki kizito, na alama za mifereji ya mtutu bado zinaonekana kiunoni. Toka siku ile nimekuwa nikivitafuta vichwa hivyo.

Na kuvipata hapa ni kazi. Mgeni wa ndege mzigo wake wa risasi hauruhusiwi kuzidi kilo 5, tena risasi zilizokamilika. Baruti ya kopo na fataki tupu hazipandi ndege ya abiria. Mwenzetu anapakia akiwa kwao, sisi tunasubiri maduka yatuletee nini.

Basi jamaa mmoja akanidokeza kwamba duka fulani lina 375 zenye A-Frame. Nilikwenda asubuhi, nimefurahi kweli kweli. Nikasalimia, kijana hakuitikia, macho kwenye simu. Nikaweka leseni juu ya kioo, akaisogeza pembeni kwa kidole bila kuifungua. Alipojisikia akainama akatoa boksi. Boksi la kiwanda kinachojulikana, lakini limeshafunguliwa na kufungwa tena kwa selotepu. Bei aliyotaja sitaiandika, nitazidi kukasirika.

Nikatoa risasi moja, nikaigeuza kitako. Nikatoa ya pili. Muhuri wa kitako cha kwanza ni wa kiwanda kimoja, wa pili wa kiwanda kingine. Fataki moja ina rangi ya fedha, nyingine ya njano. Kwenye shingo za maganda kulikuwa na mikwaruzo ya wima, ile inayoachwa na kifaa cha kulirudisha ganda kwenye umbo lake baada ya kupigwa. Nikazisimamisha kadhaa kwa mstari juu ya kioo, hazikulingana urefu. Kiwanda hakitoi risasi za namna hiyo ndani ya boksi moja. Hizi zilipakiwa na mtu kwa mkono, kisha zikatiwa kwenye boksi lisilo lake na kupewa bei ya kiwanda.

Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, hizi kazipakia nani?"

"Hizo za kiwanda."

"Hebu angalia vitako."

Hakuangalia. Akasema, "Risasi ni risasi, mzee, zote zinaua. Kama huzitaki nenda kanunue Afrika Kusini." Halafu akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa pembeni, akacheka ili na yule acheke.

Ningemstahi kama angeniambia, "Mzee, hizi ni za mkono, aliyezipakia ni fulani, karatasi yake hii hapa." Mimi sina neno na risasi za mkono. Nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona zilikuwa za mkono. Lakini hata wapakiaji wenyewe wana mwiko mmoja: risasi aliyopakia mtu usiyemjua huipigi. Baruti ikizidi, au ikiwa si ya aina yake, presha inapanda na shavu lako limelala hapo hapo karibu na chemba. Ikipungua sana, kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu, ukapiga ya pili ikakikuta humo. Na vichwa vigumu vinataka uangalifu zaidi ya vingine. Chukua vile vya shaba tupu ambavyo Randy Brooks wa Barnes, kampuni ya vichwa vya risasi, alivitoa mwaka 1989: kwa uzito ule ule ni virefu kuliko vyenye madini ya risasi ndani, kwa hiyo vinakula nafasi ya baruti kwenye ganda. Kipimo cha kichwa kimoja hukihamishii kwenye kingine hivi hivi tu. Sasa mimi nitajuaje mtu huyu alipima nini, na alipima akiwa na akili zake au alikuwa na haraka?

Nilikuwa nimeshachukua leseni yangu niondoke ndipo akatoka fundi wao wa chumba cha nyuma, mtu wa makamo, miwani imeshuka puani. Alikuwa amesikia yote. "Samahani sana kaka yangu," akasema, "naomba niione." Akaichukua ile fupi kuliko zote, akaiweka ncha yake kwenye ukingo wa meza ya mbao, akaisukuma kwa kidole gumba. Kichwa kikazama ndani ya ganda. Nimekiona kwa macho yangu kinazama. Risasi ya 375 mdomo wa ganda unatakiwa uwe umekibana kichwa barabara, maana kila ukipiga moja, zilizobaki kwenye magazini zinapigwa na ule mshtuko. Kichwa kikirudi ndani, nafasi inapungua na presha inaweza kupanda. Ningekuwa na hizo mkononi mbele ya mbogo!

Fundi hakuishia hapo. Alikwenda nyuma, akaichomoa nyingine kwa nyundo ya kung'olea vichwa, baruti akaimwaga kwenye karatasi, kichwa akakibana kwenye jiliwa na kukikata kwa msumeno wa chuma, kwa urefu. Akanipa nusu. Ukuta ule pale, katikati, mwekundu wa shaba. A-Frame halisi. Hapo ndipo niliposikia uchungu hasa, kwa sababu kitu nilichokitafuta miaka yote kilikuwepo kweli, ila kimeharibiwa na mtu asiyejulikana na kufichwa na mtu asiyejali.

Nilikuwa nimepanga kusema msiende kabisa duka lile, nyota moja basi. Kwa ajili ya fundi nikasema hapana, tuwe wakweli: mtu anayekata risasi ya dukani kwake mbele ya mteja ili ukweli uonekane, wachache wako hivyo mjini hapa. Mwenye bunduki inayohitaji matengenezo aende, aulizie fundi, asikubali kuhudumiwa mbele.

Lakini kila nikifikiria naona na huko ni kuwapunguzia mno. Boksi lile halikujipandisha lenyewe kwenye kabati. Nilimuuliza fundi limetoka kwa nani, akanyamaza, akaanza kufuta miwani. Na wakati naondoka lilikuwa bado liko juu ya kioo, kijana hajaambiwa hata alitoe. Kama mtu mwingine aliingia baada yangu, mgeni wa mambo haya, na kauziwa? Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Kwa hiyo nyota ni ile moja, na kama kuna anayeitaka ajue ni ya fundi peke yake.

Wewe ukienda duka lolote kununua risasi za mnyama mkubwa, usinunue boksi kwa picha yake. Fungua, zigeuze zote vitako juu, tazama mihuri na rangi za fataki, zisimamishe ulinganishe urefu. Muuzaji akinuna mwache anune.

Fundi ameniambia kuna mzigo wa kiwanda wameuagiza, vichwa hivyo hivyo vya ukuta, maboksi hayajafunguliwa. Namba yangu ya simu nimemwachia, hela sijaacha hata senti. Akinipigia nitakwenda, na nitavikagua vitako vyote, kimoja baada ya kingine, juu ya kioo kile kile, yule kijana akiwa amesimama mbele yangu.