Majani ya chai: yapi ununue Kisumu, Nakuru na Magharibi, na uyapike vipi

Barabara ya Kisumu kwenda Nakuru inapita katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, na kutoka Kisumu hadi Nandi Hills ni mwendo mfupi tu. Vihiga nako kuna kiwanda cha Mudete. Hata hivyo, chai inayopikwa katika nyumba nyingi za huku huwa nyeusi, chungu na haina harufu. Mkulima hana kosa hapo. Mnunuzi amechukua majani yanayotoa rangi upesi, kisha ameyachemsha kwa muda unaofaa majani ya aina nyingine.

Ndiyo maana hapa tunapanga majani kwa punje kwanza. Jina la paketi litafuata.

Punje ndiyo ya kuangalia

Karibu chai yote ya Kenya hutengenezwa kwa mashine za CTC. Jani bichi linapondwa, linararuliwa na kuviringwa hadi liwe punje, linaachwa lipate hewa ligeuke rangi, kisha linakaushwa na kuchekechwa. Chekeche ndiyo inayotoa madaraja. BP1 ni punje kubwa, inakaribia ya wimbi. PF1 ni ndogo kidogo. PD ni ndogo zaidi, na D1, ile wengi wanaiita vumbi, ni kama mchanga laini. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo maji yanavyoigusa pande nyingi, kwa hiyo rangi hutoka haraka, na uchungu nao hutoka haraka. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka.

Yapo pia madaraja ya pili, kama F1 na BMF, yenye nyuzinyuzi za vikonyo. Ukimwaga majani kwenye karatasi nyeupe ukaona vijiti vya kahawia vingi, ndiyo hayo. Hayana madhara, lakini usiyalipie bei ya PF1.

Paketi nyingi za dukani haziandiki daraja, kwa hiyo ukitaka kujaribu aina mpya nunua kwanza ndogo ya gramu 50. Mwaga kijiko kimoja kwenye karatasi. Majani mazuri ni meusi yenye ukahawia kidogo, punje zinalingana, na ukizisugua kati ya vidole zinavunjika kwa sauti. Zikijikunja bila kuvunjika, zimeshika unyevu. Chai hutoka kiwandani ikiwa kavu sana, na unyevu wa takriban asilimia 3 tu; ikiuvuta unyevu wa jikoni au wa ghala, harufu inakufa kabla hata ukungu haujaonekana.

1. PF1 ya paketi iliyofungwa vizuri, gramu 250

Kwa chai ya maziwa ya kila siku hakuna inayoishinda. Inatoa rangi na nguvu ya kutosha kupenya maziwa, na bado inakupa dakika mbili tatu za kuipika kabla haijachachamaa. Fahari ya Kenya ya Ketepa na Kericho Gold zinapatikana karibu kila supamaketi ya Kisumu na Nakuru. Usizilinganishe kwa sifa zake. Linganisha punje zake kwenye karatasi, kisha bei kwa gramu 100: gawa bei kwa uzito, zidisha kwa 100. Vipaketi vidogo vya kadogo karibu kila mara huwa ghali zaidi kwa hesabu hiyo. Angalia pia tarehe, alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), na kama ndani kuna foili au plastiki. Karatasi tupu haizuii harufu.

Kipimo cha kuanzia kwa lita moja, yaani vikombe vinne: maji nusu lita, maziwa nusu lita, na vijiko vinne vya chai vya majani, vilivyosawazishwa bila kilele. Kijiko kimoja cha hivyo kina kama gramu 2. Ikiwa maziwa ni mazito ya ng'ombe wa nyumbani, maji yawe mafungu mawili kwa fungu moja la maziwa. Maziwa ya ATM (mashine ya kuuzia maziwa) au ya kukamuliwa jirani yachemke kikamilifu, hakuna mjadala.

Chemsha maji kwanza. Yakitokota kweli, tia majani na uyaache yachemke dakika mbili. Ndipo utie maziwa. Wengi hutia vyote pamoja vikiwa baridi, na hapo ndipo chai inapoharibika: protini ya maziwa hushikana na vile vitu vya ukakasi vinavyoipa chai nguvu, na mafuta huchelewesha majani kukolea, basi mpishi anaongeza majani, kisha anachemsha robo saa, na mwishowe anapata uchungu bila ladha. Baada ya maziwa, subiri ipande, punguza moto, iache ipande tena mara moja, kisha zima. Funika dakika mbili, chuja. Sukari iingie mwisho, kikombeni ikiwezekana, ili kila mtu ajipimie.

Ukitaka ya tangawizi, kipande mbichi kama kidole gumba kinatosha lita moja. Kiponde, kichemke kwenye maji dakika tano kabla ya majani na kabla ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Moto wa maji unakiua. Anayetia tangawizi kwenye maziwa ya vuguvugu akaona mabonge, asiwalaumu wauza maziwa. Lakini ikiwa tangawizi ilichemka vizuri na bado maziwa yakakatika, hapo maziwa yalikuwa yameanza kuchacha.

Familia inayopika lita moja unusu kila asubuhi hutumia gramu 12 hivi, kwa hiyo paketi ya 250 inakaa kama siku ishirini. Ikiisha baada ya kumi, mtu anajaza kijiko hadi kilele.

2. BP1, kwa wanywaji wa turungi

Punje kubwa hukolea polepole na huacha kikombe kisafi chenye rangi ya shaba. Kwa chai ya maziwa inahitaji majani zaidi, ndiyo sababu tumeiweka ya pili. Kwa chai ya rangi ni ya kwanza bila ushindani.

Kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kikombe cha mililita 200. Usiyachemshe majani motoni. Mwagia maji yanayotokota, funika, subiri dakika nne. Kufunika ni muhimu huku kwetu kuliko pwani. Kwa sababu ya mwinuko, maji ya Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, ya Nakuru 94, na ya Kericho karibu 93. Kikombe kikiachwa wazi joto hilo linashuka upesi, na chai inabaki nyepesi hata ukingoja. Mtu aliyezoea dakika tatu Mombasa aongeze moja akifika Nakuru.

Limau hufanya rangi ipauke mara moja. Ni asidi tu inayobadilisha rangi, nguvu ya chai iko palepale. Limau na maziwa visikutane.

3. Vumbi, D1 na PD

Kwa hoteli na vibanda vinavyopika lita kumi na zaidi asubuhi, vumbi lina maana: majani machache, rangi nyingi, muda mfupi. Anza na vijiko vitatu kwa lita badala ya vinne, dakika moja kwenye maji kabla ya maziwa, basi. Nyumbani linasumbua. Linapita kwenye chujio la kawaida na kutua chini ya kikombe, na ukilisahau dakika tano motoni limeshakuwa dawa ya kienyeji. Ukilinunua, nunua na chujio la matundu madogo au kitambaa safi cha pamba.

Kosa kubwa la hoteli ni kuongeza maji na maziwa juu ya makapi ya asubuhi na kuendelea kuchemsha hadi saa sita. Makapi hayana harufu iliyobaki. Yana uchungu tu. Afadhali kupika mara tatu sufuria ndogo, kuchuja, na kuhifadhi kwenye themosi.

4. Mifuko

Kila mfuko una gramu 2 kwa kawaida, kwa hiyo boksi la 25 ni gramu 50 na la 100 ni gramu 200. Piga hesabu kwa gramu utaona unalipia karatasi na uzi. Ndani mara nyingi ni punje ndogo sana, nzuri kwa ofisi, kwa wageni, kwa mgonjwa anayetaka kikombe kimoja. Chagua ile ambayo kila mfuko una bahasha yake. Dakika tatu, usiukamue kwa kijiko. Kukamua hutoa ukakasi. Kuichemsha kwenye sufuria huipasua.

5. Majani ya kupimwa sokoni

Hapa tuna maoni mawili, na yote ni ya kweli. Muuzaji anayejulikana, anayeleta majani mapya na kuyaweka kwenye debe lenye kifuniko, anaweza kukupa PF1 nzuri kwa bei ya chini kuliko paketi. Lakini majani yaliyo wazi kwenye gunia huvuta kila harufu iliyo karibu. Katika soko kama Kibuye, meza ya chai ikiwa hatua chache kutoka kwa omena, utainywa hiyo omena. Vivyo hivyo kwa duka linaloweka chai pamoja na sabuni ya kipande au mafuta taa, hata ikiwa ya paketi ya karatasi.

Jaribu kabla ya kununua kilo. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe, nyunyiza majani kidogo, yaache dakika kadhaa, kisha yaondoe. Majani safi huacha madoa hafifu ya kahawia. Yakiacha madoa makali ya rangi ya chungwa au nyekundu papo hapo, yametiwa rangi. Yaache.

6. Ya zambarau na ya kijani

Hatuzishindanishi na chai ya maziwa kwa sababu si chakula cha aina moja. Chai ya zambarau ni yetu kabisa: mmea wa TRFK 306/1 ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho. Rangi ya jani inatokana na anthosianini, ambazo ziko pia kwenye zabibu nyeusi. Kabla ya kununua, uliza imetengenezwa vipi. Ikiachwa igeuke kwa hewa kama chai nyeusi, sehemu kubwa ya zambarau inapotea na unabaki na chai nyeusi ya bei kubwa. Inayofaa ni ile iliyozuiwa kugeuka. Tone la limau linapaswa kuisogeza rangi kuelekea waridi. Maziwa huifanya ya kijivu na kuiharibia ladha.

Zote mbili zinataka maji ya nyuzi 80 hivi, dakika tatu. Bila kipimajoto, changanya mafungu manne ya maji yaliyochemka papo hapo na fungu moja la maji baridi yaliyochemshwa jana. Ukizimwagia maji yanayotokota zinakuwa chungu, na hapo ndipo wengi huapa kutozinunua tena.

7. Iliyochanganywa viungo tayari

Ya mwisho, na tunasema hivyo kwa uhakika. Iliki na mdalasini vilivyosagwa hupoteza harufu upesi kuliko majani, na harufu kali huficha majani ya daraja la pili. Nunua majani matupu, viungo kando. Kwa masala ya nyumbani: vijiko vinne vya tangawizi kavu, viwili vya iliki, kimoja cha mdalasini, nusu ya karafuu, nusu ya pilipili manga. Nusu kijiko cha mchanganyiko huo kwa lita ya chai, kiingie na maji.

Maji, na mahali pa kuweka

Majani mazuri hushindwa na maji mabaya. Maji ya visima vya Nakuru mara nyingi yana magadi, na chai yake huwa nyeusi yenye utando juu. Mengi ya maji hayo yana floridi pia, madini ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi, huizidisha kwa kuwa maji hupungua. Jani la chai lenyewe lina floridi, kwa hiyo nyumba yenye watoto itafute maji mengine ya chai. Maji ya mvua ni bora: acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kinga inayofuata, chemsha. Kakamega na Vihiga wana bahati hiyo muda mrefu wa mwaka. Maji ya mfereji yenye harufu ya klorini, yaache kwenye chombo wazi usiku kucha.

Chai pia huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage. Mjamzito na mtoto wanywe saa moja baada ya kula, wasinywe pamoja na chakula.

Hamishia majani kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na vitunguu, na kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu daima. Chai ya maziwa iliyochujwa hukaa vizuri kwenye themosi saa tatu au nne ikiwa themosi ilisuuzwa kwanza kwa maji moto. Kizibo nacho kioshwe kila siku kwa sabuni na brashi, hasa kwenye mfereji wa kumwagia, maana maziwa ya jana yaliyobaki humo ndiyo yanayochachisha chai ya leo.