Meza ya kusimamia kutoka Kadutu: miezi saba ya kuitumia

Natunza hesabu za depo moja ya vyakula hapa Bukavu, na kwa miaka 11 nimeifanya kazi hiyo nikiwa nimekaa kitini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwaka jana kiuno kilianza kuniuma hata usiku, na daktari aliyenipima alikuta sukari ya damu imepanda, ingawa haijafikia kiwango cha kisukari. Kabla ya kuniuliza ninakula nini, aliniuliza ninakaa saa ngapi kwa siku. Ndipo nilipokwenda Kadutu kwa fundi seremala anayetengeneza meza za kuandikia mtu akiwa amesimama.

Kilichonifanya nimwamini ni namna anavyopima. Alinitaka nije na viatu vya kazini, akaniambia, «Papa, simama vile unasimamaka ku kazi», kisha nikakunja mkono na akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: sentimita 107. Ubao wa juu ni wa mti wa libuyu, umepigwa randa na msasa hadi kiganja hakikwaruzwi popote, na chini kuna kipande cha kupumzishia mguu mmoja, ambacho baada ya nusu saa ndicho kinachookoa kiuno. Meza haihitaji umeme, na katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara huo ni ubora mkubwa. Nililipa dola 85 pamoja na wabebaji.

Kasoro ipo. Mwezi wa pili mguu wa nyuma wa kushoto ulilegea, na kila nilipochapa, kalamu ilibingirika hadi ukingoni. Ilinibidi nimwite fundi mara tatu ndipo akaja kupigilia ubao wa mshazari. Tangu hapo imetulia.

Jambo ninalotaka wanunuzi walielewe ni jingine. Fundi huwaambia wateja kwamba meza hii huondoa sukari na kupunguza tumbo, na hilo si kweli. Kusimama tuli hutumia nguvu zaidi kidogo tu kuliko kukaa, na anayesimama kutwa nzima huvimba miguu na mishipa yake. Kinachotudhuru ni misuli mikubwa ya mapaja na miguu kulala bila kazi: ikijikaza huvuta sukari kutoka katika damu na kuirudisha damu juu kuelekea moyoni, lakini ikilala, sukari na mafuta hukaa kwa muda mrefu zaidi katika damu, na miaka ikipita hatari ya kisukari cha aina ya pili, ya maradhi ya moyo na ya kufa mapema huongezeka. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokaa kutwa, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta wa mabasi hayohayo, waliopanda na kushuka ngazi. Nami nikiwa karani niliyeacha kushuka stoo kwa sababu simu ipo, nilijitambua katika hao madereva.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliojumlisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya nguvu ya wastani kila siku zinaonekana kufuta ile hatari ya ziada ya kufa inayowakabili wanaokaa zaidi ya saa nane. Kwa hiyo meza yangu naihesabu kuwa njia ya kuniondoa kitini tu. Nasimama dakika 30, nakaa, kisha nashuka stoo kuhesabu magunia kwa macho yangu, na jioni napanda mlima wa Kadutu kwa miguu badala ya moto, yaani pikipiki ya abiria. Kiuno kimeacha kuniamsha usiku.

Anayefanya kazi ya karani, ya kompyuta au ya kusahihisha mitihani atanufaika nayo, ila mwenye mishipa ya miguu iliyovimba amwone daktari kwanza. Mwenzangu wa kaunta ameagiza yake wiki iliyopita, ya sentimita 99, na nimemsihi asimamie mwenyewe ule ubao wa mshazari upigiliwe kabla fundi hajapaka vanishi.