Betri ya zinki na maji: salfeti ya manganizi au glukozi?

Zinki inachimbwa Kipushi, kilomita kama 30 tu kutoka hapa Lubumbashi, kwa hiyo betri yake inatuhusu. Ndani kuna maji yenye salfeti ya zinki. Tuongeze nini?

Salfeti ya manganizi inalinda upande chanya, ule wa dioksidi ya manganizi, usiyeyuke kidogo kidogo majini. Kazi yake kubwa ni hiyo.

Glukozi, aina ya sukari, inahudumia upande hasi, ule wa zinki. Inachukua nafasi ya baadhi ya molekuli za maji zinazozunguka ayoni ya zinki (chembe ya zinki yenye chaji iliyoyeyuka majini). Gesi ya hidrojeni inayotoka kwenye maji inapungua, na zinki inajilaza bapa badala ya kuota miiba inayotoboa kitenganishi, utando unaotenga pande mbili za betri, na kuleta shoti. Kwa familia ya Katuba, hapa Lubumbashi, inayotegemea betri usiku, naipa glukozi kipaumbele: miiba inaua betri ghafla, wakati manganizi ikiyeyuka chaji inapungua polepole. Zote mbili zinaweza kukaa pamoja.