Kabla hujanunua nati za kufuli, shika ganda lake

Saa kumi alfajiri, Nkuhungu hapa Dodoma, tumelala msibani, kijana mmoja aliyekuwa anachochea moto akaja kuniamsha. "Mama mdogo, hebu njoo uangalie gari yako." Harrier yangu, hii wanayoiita Anaconda, ilikuwa imekalia tofali za kuchoma upande wa kulia. Rimu mbili hazipo. Upande wa turubai, kwenye taa, hawakugusa. Na mimi badala ya kupiga kelele za mwizi nikaanza kubishana na mtoto wa watu: "Haiwezekani, hiyo ina nati za kufuli!"

Ilikuwa nazo kweli, nati za tairi zinazofunguka kwa ufunguo wake maalumu. Seti ya nati nne, shilingi 35,000, nimefungiwa mwezi mmoja kabla. Moja niliiokota chini ya gari, imeng'ang'ania ndani ya soketi kuukuu, wezi wameiacha pamoja na soketi yao. RB ya polisi nilichukua, rimu sijaziona hadi leo, soketi ninayo.

Tangu nisimulie mkasa ule swali ni moja tu: "Dada, ninunue zipi?" Haya, leo najibu.

Saizi sitapoteza muda nazo, fundi wako anazijua. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ni uzi wa milimita 12 kwa 1.5, Subaru, Nissan na Suzuki nyingi ni 12 kwa 1.25, Land Cruiser 200 ni 14 kwa 1.5. Ila kitako cha nati kisikupite. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa, wakati rimu za kununua dukani nyingi zinataka nati iliyochongoka kama koni. Ukichanganya, nati inashika sehemu ndogo na italegea ukiwa njiani. Hapo hata mwizi hahitajiki.

Sasa ganda, yaani upande wa nje wa nati. Kila mtu akienda dukani anageuza ufunguo, anahesabu meno, anasifia maua yaliyochongwa ndani. Muuzaji naye anakuonyesha hayo hayo: "Hii dada'angu kila seti na ufunguo wake." Sawa, lakini mwizi hana haja na ufunguo wako! Fundi wangu wa pancha pale mtaa wa Kisasa alinionyesha kwa nati iliyobaki upande wa kushoto. Alichagua soketi ya zamani yenye tundu dogo kidogo kuliko nati, akaigongea kwa nyundo mara tatu, akaweka spana, akafungua. Sikumaliza hata kuuliza anafanya nini. Kumbe ni kazi yake ya kila siku, tena ya halali kabisa: magari kutoka Japan yanafika na nati za kufuli, ufunguo umebaki hukohuko au umepotelea njiani, mwenye gari anapata pancha ya kwanza na hawezi kutoa tairi. Fundi anagongea soketi, analipwa, maisha yanaendelea. Mwizi anafanya kazi ileile, ila usiku.

Kwa hiyo shika nati, sahau ufunguo. Kama ganda la nje limenyooka au lina pembe sita, soketi itapata pa kuuma. Kama limechongoka kuelekea juu, soketi inateleza. Kama lina pete inayozunguka yenyewe, soketi itauma pete, pete itazunguka, nati haitasogea. Halafu omba tupa, kila duka la spea linayo. Ipitishe pembeni mwa nati: kwenye chuma kigumu tupa inateleza kama juu ya kioo, kwenye chuma laini inaleta unga. Muuzaji akikataa usipitishe tupa, amekujibu.

Namba moja kwangu ni McGard, na sifichi kwamba nawapendelea. Ni kampuni ya Marekani, na watengenezaji kadhaa wa magari wananunua nati zao na kuziuza kama vifaa vya kiwandani. Ila angalieni, McGard nao wana nati za kawaida zisizo na pete. Nayoisema mimi ni ile yenye pete. Ndani ya pakiti kuna kadi yenye namba ya ufunguo, ufunguo ukipotea unaagiza mwingine kwa namba hiyo. Piga picha kadi, ukaiweke nyumbani na vyeti vya watoto. Usiiache kwenye dashibodi, na ufunguo wa akiba vilevile, maana mwizi akivunja kioo hapo ndipo anapoanza kupekua. Zangu zilinigharimu shilingi 180,000 pamoja na kutumiwa kwa basi kutoka Dar. Fundi alizijaribu kwa nyundo, pete ikawa inazunguka tu kama feni, akaweka nyundo chini akaniuliza, "Sasa mama, ukipoteza ufunguo mimi nitakusaidiaje?" Nikamwonyesha kadi.

Kasoro yake hapa kwetu ni vumbi. Ukikaa Iyumbu au Nzuguni, barabara za mtaani bado udongo, pete inajaa vumbi na kuanza kugoma, na pete iliyogoma ni ganda la kawaida. Kila ukiosha gari, piga maji pale na uizungushe kwa kidole. Grisi usipake kwenye nyuzi. Na usimruhusu fundi afunge kwa mashine ya upepo. Ufunguo wa nati hizi ni mwembamba, utavunjika. Akaze kwa mkono. Toyota nyingi za uzi wa 12 zinakazwa kwa newtonimita 103, kama ana spana ya kupima.

Namba mbili ni za Kijapani, mfano Bull Lock za KYO-EI. Chuma chao nakiamini. Mitindo iko mingi, kwa hiyo rudi palepale: shika ganda.

Namba tatu, loki ya usukani. Rimu haizilindi hata kidogo, inalinda gari zima, na kwa magari haya ya kuwasha kwa kitufe naiona ya maana kuliko alamu. Kule London mwaka 2022 Ian Tabor, mtaalamu mwenyewe wa usalama wa mifumo ya magari, aliibiwa RAV4 yake. Wezi walifungua sehemu ya mbele, wakaingia kwenye nyaya za taa, wakaiambia kompyuta ya gari kwamba ufunguo upo. Chuma kwenye usukani hakiambiwi kitu. Chukua aina inayofunika usukani mzima, kama Disklok. Ile fimbo ndefu ya kawaida, mwizi anakata usukani kwa msumeno na fimbo inatoka nzima.

GPS nimeiweka ya nne na najua mtanibishia. Inakwambia gari liko wapi. Ya kwangu ilinionyesha usiku kucha kwamba gari liko Nkuhungu, na kweli lilikuwa Nkuhungu, juu ya tofali! Ukinunua, hakikisha laini ndani haiishiwi bando, na fundi asikufungie kifaa chini ya dashibodi ambako kila mtu anaanzia kutafuta.

Vya bei ndogo: chora namba ya gari kwenye saiti mira na taa. Smart key ya Toyota, ule ufunguo wa gari la kuwasha kwa kitufe, nyingi zake unaweza kuzilaza bure zisirushe mawimbi: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, taa itawaka mara nne. Ukibonyeza kitufe chochote inaamka. Basi.

Bei sasa. Tangu tuwe jiji mwaka 2018 kila kitu Dodoma kina kiingilio cha makao makuu. Nati ileile, pakiti ileile, imesafiri kilomita 450 hivi kwa basi la abiria ndani ya boksi la viatu, na mtu ananiongezea karibu nusu ya bei ya Dar akiniambia "usafiri dada, si unajua." Sijui. Nauli ya boksi nimelipa mwenyewe mara nyingi.

Na yule muuzaji wa nati za 35,000 nilimrudia, soketi mkononi na nati ndani yake. Hakuiangalia. Alinionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia mali sirudishi, mali imeondoka na wenyewe, nimekuletea soketi yao. Wateja wawili wakacheka. Yeye akaniuliza kama nataka seti nyingine zilezile, ila sasa hivi ni 45,000.